Nataka kufunga turbo kwenye Grande ya 1G: je, ni lazima nishushe kompresheni?

#1 Grande wa Nkuhungu (mleta mada)
Mbukwenyi wakuu.

Nina Mark II Grande ya GX110 yenye injini ya 1G-FE ya VVT-i, silinda sita, cc 1988, ambayo kwa mujibu wa Toyota ina uwiano wa kompresheni (yaani mara ngapi silinda inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli) wa 10 kwa 1. Nimepata turbo ndogo iliyotumika, shafti yake haichezi, na lengo langu si mashindano. Nataka busti (presha ya ziada ya hewa inayosukumwa na turbo) ya bar 0.5 tu, ili ninapotoka Nkuhungu kwenda Singida kwa wazee nikiwa na watu watano na mizigo, gari lisihemewe kwenye kilima cha Saranda.

Tatizo ni kwamba nimewauliza mafundi wawili na kila mmoja amenipa jibu linalompinga mwenzake. Wa kwanza amesema kwamba injini ya kompresheni 10 ikifungwa turbo bila kushushwa hadi 8.5, pistoni zitatoboka mapema, na anapendekeza gasketi nene ya hedi. Wa pili amesema hiyo gasketi nene ndiyo itakayoiua injini, niiache ilivyo na nishughulike na mafuta, taimingi (muda wa plagi kuwasha) na upoozaji. Wote wawili ni watu ninaowaheshimu. Naomba kuelimishwa: kompresheni hushushwa kwa sababu gani hasa, na kwa busti ndogo kama hii kuna ulazima?

Nawasilisha.

#2 Fundi wa Kizota
Fundi wako wa kwanza yuko sahihi. Tazama walivyofanya Toyota wenyewe. 1JZ-GE ya mwanzo ilikuwa na kompresheni 10, lakini ndugu yake mwenye turbo, 1JZ-GTE, alipewa 8.5. 2JZ-GE ni 10, 2JZ-GTE ni 8.5. Hata familia yako ya 1G ilikuwa na 1G-GTE yenye turbo, na kompresheni yake ilikuwa chini ya hiyo uliyo nayo. Kiwanda hakiundi pistoni tofauti kwa kupenda kuongeza gharama.

Hesabu yake ni nyepesi: chukua kompresheni 10, zidisha kwa 1.5 kwa sababu umeongeza nusu ya hewa, unapata 15. Injini ya petroli ya kompresheni 15 kwa mafuta ya sheli zetu, hata mtoto anajua mwisho wake.

#3 Mwalimu wa Fizikia
Fundi, nakuheshimu kwa kazi zako nilizoziona, lakini hiyo hesabu ya kuzidisha inapotosha kwa sababu haijui kama hewa imepozwa au haijapozwa. Kinachoiua injini si namba 15 bali ni kugonga, na kugonga kunatokana na joto na presha ya mchanganyiko ule ambao mwali haujaufikia. Plagi ikiwasha, mwali hutembea kutoka katikati kuelekea ukingoni mwa silinda. Mchanganyiko ulio ukingoni unabanwa na kupashwa joto na ule unaoungua, na ukizidiwa kabla mwali haujaufikia, unalipuka wenyewe kwa mkupuo. Huo ndio mlio wa kokoto kwenye kopo ambao mafundi mnaufahamu.

Sasa tuchukue hewa inayoingia silindani ikiwa na nyuzi joto 50. Ikibanwa mara 10 inafika kwenye nyuzi 415 hivi kabla ya moto; ikibanwa mara 8.5 inafika kama 380. Tofauti ni nyuzi 36 tu. Tofauti hiyo hiyo unaipata kwa kuipoza hewa nyuzi 17 kabla haijaingia, na intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, yenye ukubwa wa kutosha hupoza zaidi ya hapo. Kwa hiyo fundi wa pili naye hakuropoka.

#4 Dada wa Area C
Wakuu, naomba kuongeza jambo. Ninaendesha Forester ya kizazi cha SJ yenye injini ya FA20 ya turbo, na kompresheni yake kutoka kiwandani ni 10.6, wakati Subaru nyingi za zamani za EJ20 zenye turbo zilikuwa kati ya 8 na 9. Kama kanuni ya 8.5 ingekuwa sheria, gari langu lisingefika hata Kibaigwa, na mimi huenda nalo Morogoro kila mwezi.

#5 Fundi wa Kizota
Dada, injini yako inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli ikigeuka mvuke humo humo inakunywa joto la hewa iliyobanwa, na ndiyo maana watengenezaji wa sasa wamethubutu kupandisha kompresheni. Aidha, ina kontroli boksi (kompyuta ya injini) inayosikiliza kugonga na kurudisha taimingi nyuma mara moja. 1G-FE inapuliza kwenye manifodi na kontroli boksi yake haijawahi kuambiwa kwamba duniani kuna turbo. Usimlinganishe mleta mada na wewe.

Mwalimu, nimekubali kuhusu kuzidisha. Lakini umetaja joto ukaiacha presha. Ukishusha kutoka 10 hadi 8.5, presha ya kabla ya moto inapungua kwa kiasi gani?

#6 Mwalimu wa Fizikia
Swali la haki. Inapungua kwa karibu asilimia 20. Busti ya bar 0.5 nayo inaipandisha kwa karibu asilimia 50 ukiwa usawa wa bahari, kwa hiyo kushusha kompresheni kunarudisha zaidi kidogo ya nusu ya kile ulichoongeza, si chote. Halijawa jibu kamili kwa upande wowote, wangu ukiwemo.

#7 Mzee wa Kongwa
Vijana, mjadala huu ni mkongwe kuliko wengi wenu. Mwaka 1962 General Motors ya Marekani ilitoa magari mawili ya turbo, na vitengo viwili vya kampuni hiyo hiyo vilitofautiana kama mafundi wa huyu kijana. Chevrolet, kwenye Corvair Monza Spyder, walishusha kompresheni kutoka 9 hadi 8. Oldsmobile, kwenye Jetfire, waliiacha juu kwenye 10.25, na ili isigonge wakaweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, ambayo yalipulizwa pamoja na hewa kila turbo ilipofanya kazi. Ilikwenda vizuri ilimradi mwenye gari akumbuke kujaza lile tangi. Wengi hawakukumbuka, na magari mengi yakaondolewa turbo baadaye na kuwekewa kabureta ya kawaida.

Miaka kumi na mitano baadaye Saab walitoa 99 Turbo ikiwa na 7.2. Walipokuja kubuni mfumo wa kusikiliza kugonga na kupunguza busti wenyewe, walipanda hadi 8.5. Mnaona kwamba namba ilifuata uwezo wa kuidhibiti injini.

#8 Grande wa Nkuhungu (mleta mada)
Shikamoo mzee, na asante kwa historia hiyo. Fundi, Mwalimu na Dada, nashukuru. Sasa nimeanza kuelewa kwamba niliuliza swali moja lenye maswali matatu ndani yake.

#9 Mpwapwa Kusini
Mimi nina ushahidi wa vipimo. Nilipima Altezza yangu kwa geji ya kompresheni pale gereji, ikaonyesha bar 11 kila silinda, wakati kitabu cha injini kilitaka 12.5. Kwa hiyo magari yetu ya mtumba tayari kompresheni imeshuka yenyewe kwa uchakavu, na mleta mada hana haja ya kushusha chochote. Afunge turbo tu. Fundi aliyenipimia alisema ringi zimekwisha.

#10 Mwalimu wa Fizikia
Ndugu wa Mpwapwa, umechanganya vitu viwili. Geji inapima presha, na uwiano wa kompresheni ni suala la ujazo: nafasi pistoni inapokuwa chini, igawanywe kwa nafasi inapokuwa juu. Ringi zikichakaa, presha inavuja lakini uwiano unabaki ule ule.

Kuna jambo la pili ambalo linaniuma, kwa sababu limewagharimu watu fedha. Vipimo vya kitabu kwa kawaida huchukuliwa karibu na usawa wa bahari. Dodoma iko kwenye mita 1,120 hivi, na presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 89 badala ya 101. Geji yoyote ya kompresheni itasoma pungufu kwa asilimia 12 hivi hata injini ikiwa mpya. Chukua 12.5, ondoa asilimia 12, unapata nini?

#11 Mpwapwa Kusini
Napata 11. Injini ilifunguliwa, ringi zikabadilishwa, na nilipopima tena ikasoma 11 ile ile. Nashukuru Mwalimu, ingawa nimechelewa.

#12 Fundi wa Kizota
Pole sana mkuu. Silinda zote zilikuwa sawa, na hiyo peke yake ilitosha kumfanya fundi asite. Ringi zikiisha hazikubaliani kuisha kwa kiwango kimoja.

#13 Dereva wa Saranda
Natoa kisa cha dizeli, kwa kuwa kilima kilichotajwa nakipanda mara tatu kwa wiki. Niliwahi kuendesha Land Cruiser Hardtop ya 1HZ ambayo mwenye nayo aliifunga turbo. 1HZ ni kompresheni 22.4, wakati 1HD-T ya turbo kutoka kiwandani ni 18.6. Yeye hakushusha chochote. Ilipanda Saranda kwa gia ya nne kama haina mzigo, tukashangilia. Mwezi wa tano pistoni ya tano ikapasuka karibu na Manyoni. Kwa hiyo mimi niko na Fundi: shusha.

#14 Mwalimu wa Fizikia
Pole kwa hilo. Ila dizeli haina ugonjwa huu wa kugonga tunaouzungumzia. Yenyewe inategemea mafuta kujiwasha. Kompresheni ya dizeli yenye turbo hushushwa ili kupunguza kilele cha presha na mzigo kwenye pistoni na gasketi.

#15 Dereva wa Saranda
Basi Mwalimu, niambie kilichopasua ile pistoni, maana wenye darasa hapa hamtuhurumii sisi wa barabarani.

#16 Majengo Mashine
Nijibu mimi kwa niaba ya Mwalimu, kwa sababu nimezifungua kadhaa. 1HZ inachomea mafuta kwanza kwenye kijichumba cha pembeni ndani ya hedi, na mwali unatoka humo kama tochi ya kuchomelea ukiielekea pistoni sehemu moja. Ukiongeza mafuta kwenye pampu ili turbo ionekane inafanya kazi, ile tochi inazidi. Kinachopasua ni joto lililokaa muda mrefu kilimani. Mwenye gari angeweka geji ya joto la eksozi na kupunguza mafuta ya pampu, huenda pistoni ingeishi hata kwa kompresheni ile ile. Nasema huenda, kwa sababu nimeona nyingine iliyokuwa na geji na bado ikapasuka.

Sasa nirudi kwenye hoja ya gasketi, maana hapo ndipo nilipoumia mwenyewe. Nilikuwa na RAV4 ya 3S-FE. Nilichonga bamba la alumini la milimita 2, nikaliweka kati ya gasketi mbili za kawaida, nikafunga turbo, nikaamini nimemaliza. Sikupiga hesabu. Nilipokuja kuipiga baadaye nikakuta kompresheni imeshuka kutoka 9.5 hadi karibu 7.5. Gari lilikuwa zito mjini kama limefungwa breki, lilikunywa mafuta kuliko lilipokuwa halina turbo, na jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba kwenye mzigo bado liligonga. Mwishowe lilianza kuvujisha maji kwenye lile bamba nikiwa Kitonga, na nikalala Ilula.

#17 Grande wa Nkuhungu (mleta mada)
Mkuu Majengo, hapo ndipo sielewi. Umeshuka hadi 7.5, chini hata ya viwanda vingi, na bado liligonga. Kwa nini?

#18 Majengo Mashine
Kwa sababu ya mwanya. Hedi na pistoni zimeundwa ili pistoni inapofika juu, ukingo wake ukaribiane sana na ukingo wa hedi, kama milimita moja. Ule mwanya mwembamba unakamua mchanganyiko kutoka ukingoni na kuusukuma katikati kwenye plagi, ukizunguka kwa kasi, hivyo moto unakwenda upesi na ukingoni hakubaki cha kulipuka. Mimi niliufanya mwanya uzidi milimita 4. Mchanganyiko ukatulia ukingoni, ukapashwa joto, ukalipuka. Yaani nilishusha kompresheni kwa mkono wa kulia na kualika kugonga kwa mkono wa kushoto.

Njia ya heshima ni pistoni zenye shimo katikati, zinazoongeza nafasi bila kuugusa ule mwanya wa ukingoni. Ni ghali, ndiyo.

#19 Fundi wa Kizota
Majengo, ulichofanya ni bamba na gasketi mbili, na hiyo si sawa na gasketi moja ya chuma ya tabaka nyingi iliyotengenezwa kwa unene maalumu. Usiwatishe watu na kosa lako. Nimefunga gasketi za aina hiyo kwenye injini nne na zote zinatembea.

#20 Majengo Mashine
Zinatembea kwa busti gani, na tangu lini?

#21 Fundi wa Kizota
Bar 0.4 hadi 0.6. Ya zamani kuliko zote ina miaka mitatu. Iko Chamwino, na mwenye nayo anabebea mahindi.

#22 Mwalimu wa Fizikia
Tuweke hesabu mezani ili mleta mada aamue kwa namba. 1G-FE ina kipenyo cha milimita 75 na mwendo wa pistoni wa milimita 75. Silinda moja inafagia sentimita za ujazo 331.3. Kwa uwiano wa 10, nafasi inayobaki juu ni 331.3 gawanya kwa 9, yaani 36.8. Ukitaka 9 unahitaji nafasi ya 41.4, ongezeko la 4.6. Ukitaka 8.5 unahitaji 44.2, ongezeko la 7.4. Eneo la silinda ni sentimita za mraba 44.2, kwa hiyo gasketi inapaswa kunenepa kwa milimita 1.04 ili ufike 9, na milimita 1.67 ili ufike 8.5.

Hasara ya ufanisi inakadirika pia. Kwa kanuni ya mzunguko wa Otto, kutoka 10 kwenda 9 unapoteza kama asilimia 3 ya kazi unayoipata kwa kila lita ya mafuta, na kwenda 8.5 kama asilimia 4 na nusu. Unapoteza kila wakati, hata unapokwenda kazini taratibu asubuhi bila turbo kuamka.

#23 Mtumishi wa Ihumwa
Mwalimu, kuna marekebisho madogo. Tundu la gasketi huwa pana kuliko silinda, kwa hiyo kila milimita ya unene inaongeza nafasi kubwa kidogo kuliko ulivyosema. Mleta mada akifuata 1.67 atajikuta chini ya 8.5.

Pia hakuna aliyetaja mkanda wa taimingi. Hedi ikiinuliwa, mkanda unavutwa na kamshafti inachelewa. Kwa puli yenye mzingo wa sentimita 37, kuinua milimita 1.6 kunachelewesha kamshafti kwa nyuzi moja na nusu, ambazo ni nyuzi tatu za krankshafti. Gari linakuwa zito chini, na watu wanailaumu kompresheni peke yake.

#24 Mwalimu wa Fizikia
Nimekubali yote mawili, na la mkanda sikuwa nimelifikiria. Ahsante.

#25 Mtumishi wa Ihumwa
Sasa niseme lililonileta. Mleta mada anaishi kwenye mita 1,120. Westigeti ya chemchemi, ile valvu inayozuia busti isizidi, inapima tofauti kati ya busti na hewa ya nje, kwa hiyo bar 0.5 ya Dodoma si bar 0.5 ya Dar es Salaam. Hapa silinda inapokea jumla ya bar 1.39, na Dar inapokea bar 1.51, karibu asilimia 9 zaidi. Gari lililosetiwa Dodoma likakaa kwenye ukingo wa kugonga litafika Gairo likiwa salama, Morogoro litaanza kulalamika, na baada ya Chalinze litaumia. Nimeshuhudia Verossa moja ikimaliza safari ya namna hiyo juu ya gari la kuvuta. Kwa hiyo kwa mtu wa Dodoma asiyeshuka pwani, kompresheni 10 inavumilika. Anayeshuka, ashushe au asetiwe kwa ajili ya pwani.

#26 Dada wa Area C
Lakini pwani kuna unyevu mwingi, na unyevu hupunguza kugonga. Ndicho walichokuwa wakifanya Oldsmobile wa Mzee kwa maji yao. Hewa yetu ya Dodoma mwezi wa kumi ni kavu kama makapi ya uwele. Huoni kwamba mambo mawili hayo yanafutana?

#27 Mtumishi wa Ihumwa
Yanapunguzana, ila sidhani kama yanafutana.

#28 Mwalimu wa Fizikia
Kuna la tatu linalokwenda kinyume na Ihumwa. Hapa turbo inaanza na hewa nyepesi, kwa hiyo ili ifike bar 0.5 inabidi ibane kwa uwiano wa 1.56, wakati Dar inabana kwa 1.49. Kubana zaidi ni kupasha zaidi. Mchana wa nyuzi 35, kwa turbo ya ufanisi wa asilimia 70, hewa inatoka ikiwa na nyuzi 95 hivi. Dar ikianza na nyuzi 32 inatoka na 85. Presha ya mwisho ni ndogo hapa, joto ni kubwa hapa. Intakula isipokuwa nzuri, mtu wa Dodoma naye hayuko salama kama unavyodhani.

#29 Mzee wa Kongwa
Mnasahau mafuta. Wengine tunakumbuka miaka ambayo petroli ilichakachuliwa kwa mafuta ya taa hadi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa tamaa. Mafuta ya taa yanaishusha vibaya okteni, yaani uwezo wa petroli kustahimili kugonga. Hali ni bora sasa, lakini mtu mwenye turbo na kompresheni 10 anaishi kwa uaminifu wa kila kituo anachosimama njiani. Mwenye 8.5 ana akiba ya kuvumilia tangi moja baya. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kushusha, na hakuna hesabu ya Mwalimu inayoigusa.

#30 Mwalimu wa Fizikia
Mzee, hiyo sina cha kuipinga.

#31 Majengo Mashine
Mimi ninacho. Tangi moja baya linamalizwa na kusikiliza na kuondoa mguu. Pistoni za kawaida za kiwandani kwenye injini isiyo ya turbo hazipasuki kwa kompresheni peke yake. Mara nyingi ukifungua unakuta ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili ndio umevunjika, na sababu mojawapo ni kwamba mwanya wa ncha za ringi ulikuwa mdogo. Turbo inaongeza joto, ringi inatanuka, ncha zinagusana, ringi inakwama na kuvunja ukuta wa pistoni. Watu wanasema kompresheni ilikuwa kubwa. Mwanya wa ringi haukupimwa!

#32 Dereva wa Saranda
Kila mmoja hapa ana muuaji wake. Mimi nasubiri mleta mada afungue injini tuone.

#33 Grande wa Nkuhungu (mleta mada)
Wakuu, samahani kwa ukimya wa wiki tatu. Nimeitoa hedi, kwa sababu gasketi ilikuwa imeanza kutoa jasho la maji upande wa nyuma, na nikaona nipime badala ya kubahatisha. Nilitumia kipande cha kioo chenye tundu, grisi pembeni, na bomba la sindano la mililita 20. Nilipima chumba cha hedi, uso wa pistoni, na nikakadiria gasketi ya zamani kwa unene na tundu lake. Jumla ya nafasi kwa kila silinda kati ya zote sita ni kati ya sentimita za ujazo 37.6 na 38.4. Kwa hesabu ya Mwalimu hiyo ni kompresheni kati ya 9.63 na 9.81, si 10.

Gasketi iliyokuwemo haikuwa ya kiwandani, kwa hiyo aliyewahi kuifungua injini hii kabla yangu alishashusha kompresheni kidogo bila kujua. Nimeagiza gasketi ya chuma itakayonipeleka karibu na 9.3, na intakula kubwa kuliko niliyokuwa nimepanga. Busti nitaanza na bar 0.3.

#34 Fundi wa Kizota
Umejitahidi kupima, na wengi hawapimi. Ila 9.3 si huku wala si kule. Ungekwenda 8.5 ukalala usingizi.

#35 Majengo Mashine
Hiyo 9.3 ni nzuri ikiwa mwanya wa ukingoni haujazidi milimita 1.5. Umeupima?

#36 Grande wa Nkuhungu (mleta mada)
Nimeupima kwa vipande vya waya laini wa risasi juu ya pistoni. Kwa gasketi mpya utakuwa kama milimita 1.4.

#37 Mtumishi wa Ihumwa
Na hiyo bar 0.3, utaisetia hapa au utashuka Morogoro na kompyuta?

#38 Grande wa Nkuhungu (mleta mada)
Nitasetia hapa kwanza, halafu tutashuka nayo taratibu hadi Morogoro tukisikiliza kugonga kwa vipaza sauti vya masikioni. Dada wa Area C ameniahidi kwamba Forester yake itatangulia.

#39 Dada wa Area C
Nitatangulia, na kamba ya kuvutia itakuwa kwenye buti.

#40 Majengo Mashine
Kabla hujafunga hedi, toa walau pistoni ya sita, iliyo nyuma kabisa na mbali na pampu ya maji, uisukume ringi ya juu silindani na kupima mwanya wa ncha kwa fila geji. Tuletee namba hiyo hapa, tuendelee.